Sakafu Chini ya Kiti cha Delmar

Delmar Voigt alikuwa amepiga magoti ndani ya trela ya Lavonne Pruett, bisibisi butu mkononi, akiidunga sakafu polepole kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa.

"Hapa pagumu," alisema. "Hapa pia pagumu. Na hapa..."

Akanyamaza makusudi. Alijua kwamba nyuma yake Lavonne alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Hapa napo pagumu."

"Mshenzi wewe, Delmar! Mimi mjane, moyo wangu ni huu huu mmoja, na wewe unauchezea!"

"Kwani ulitaka mingapi?" Orrin Skaar aliuliza kutoka mlangoni, shavu moja limevimba kwa keki. Orrin alikuwa mfugaji mstaafu wa Dakota Kaskazini, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kuwaita ng'ombe ng'ambo ya malisho. Alidai kwamba huandamana na Delmar ili kumshikia tochi. Tochi alikuwa ameisahau kwake.

Kila mwezi wa Februari, wiki chache kabla ya wastaafu waliokuja kukimbia majira ya baridi katika kambi ile ya Texas kusini kufunga mizigo na kurudi kwao kaskazini, Delmar aliwazungukia wote na kuzikagua sakafu za mbavu za trela zao. Ubavu ndio udhaifu wa trela. Ni kile kipande cha sebule kinachosukumwa nje kwa mota mkishaegesha, ili mpate nafasi ya kunyoosha miguu, na kinachorudishwa ndani siku ya safari. Kwa kuwa kinatoka na kuingia, lazima pawe na pengo, na pengo hilo huzibwa kwa ulimi wa mpira unaouzunguka ubavu pande zote. Ulimi ukikunjika vibaya, mvua hupata njia. Na sakafu za trela, ambazo nyingi ni chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikinywa maji huvimba, kisha hulainika, kisha huwa uji chini ya zulia lisiloonyesha kitu.

Hakuna aliyemteua Delmar kwa kazi hiyo. Alikuwa fundi wa maghala ya nafaka huko Nebraska, na mwaka wao wa kwanza kambini aliiokoa trela ya jirani kwa kuidunga tu. Tangu hapo watu walimngoja kama wanavyomngoja mchungaji wa kubariki nyumba. Alikuwa na mahubiri yake pia, na hapo mlangoni kwa Lavonne aliyarudia huku akijifuta magoti.

"Panda ngazi ufagie majani juu ya ubavu. Pitisha mkono kwenye ulimi wote, kona kwa kona, kila ukisukuma nje. Na usisubiri pua ikwambie. Pua ikisema, ujue sakafu ilishakufa zamani."

"Amina," Orrin alisema. "Na ya kwako anaidunga nani, daktari?"

"Yangu naijua."

"Hilo sikuuliza."

"Nimesema naijua, Orrin."

Delmar alijibu kwa ukali uliowashangaza wote watatu. Lavonne, ambaye hakupenda ukimya, akawakumbusha kwamba kahawa ya Jumapili ijayo ilikuwa zamu ya akina Voigt, na kwamba Ardith, mke wa Delmar, asithubutu kuisahau keki ya ndimu. Delmar akasema hatasahau. Akarudi kwake akitembea kwa hatua fupi, jinsi alivyojifunza kutembea tangu vuli.

Kambini waliambiwa alipasuliwa ngiri. Ukweli ni kwamba mwezi wa tisa, huko Nebraska, madaktari walikuwa wamemtoa tezi dume pamoja na saratani iliyokuwa imeanza kuota ndani yake. Walimwambia ana bahati. Walimwambia pia, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya mashine ya kufulia, kwamba kwa muda fulani mkojo ungemtoka bila kumwomba ruhusa, na kwamba hadi Krismasi asipande ngazi wala kunyanyua kitu kizito.

Kwa hiyo walipofika kambini alibonyeza swichi, ubavu ukatoka ukinguruma, naye akabaki chini akiutazama. Kumwomba Orrin apande ngazi kwa niaba yake kungezaa swali, na swali lingezaa swali jingine. Akajiambia kwamba ulimi umekaa sawa. Neno la ngiri lilikuwa tayari limetangulia, na uongo ukishatangulia mtu huona haya kuupita njiani.

Ilikuwa baada ya Krismasi alipokanyaga zulia kwa mara ya kwanza akasikia soksi zimelowa.

Kiti chake cha kuegemea kilikaa kwenye kona ya nyuma ya ubavu, chini ya dirisha. Hapo ndipo aliposinzia mchana, na siku za mvua, ambapo hapakuwa na mchezo wa karata wala matembezi, alisinzia hapo karibu kutwa. Aliamka siku moja ya aina hiyo, akashusha miguu, na zulia likamjibu kwa ubaridi. Alitazama chini. Doa lilikuwa limeenea kutoka nyuma ya kiti hadi mbele. Alivaa pedi, kama alivyoelekezwa. Basi pedi zimeshindwa, alifikiri. Uso ulimwaka moto akiwa peke yake ndani ya chumba, na akagundua kwamba aibu haihitaji shahidi.

Ardith alikuwa nje akianua nguo. Delmar alifuta kwa taulo, akamwagia siki, akawasha feni, na mkewe alipoingia akamwambia amemwaga kahawa.

Tangu hapo alimwaga kahawa mara nyingi mno. Harufu ilianza, harufu nzito ya ukungu iliyokuwa inakaa puani hata akiwa nje, kiasi kwamba alijinusa kanisani kabla ya kukaa karibu na mtu. Aliacha kunywa maji baada ya mchana. Aliacha karata. Mtu aliyekuwa akiingia katika trela za watu kama mwenye nyumba sasa alisimama upande upepo unakoelekea, ili watu wasipate harufu yake, na alipopiga magoti kuzidunga sakafu zao alikuwa akisali kimoyomoyo asije akaacha alama.

Ardith hakusema lolote. Alikuwa mwanamke wa kusema. Alimsema mchungaji, alimsema mkwe wake, aliisema televisheni. Kuhusu kona ile ya sebule hakusema lolote, na Delmar alijifariji kwamba hajui.

Kisha, siku chache baada ya ukaguzi kwa Lavonne, Ardith alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, na Delmar akasogeza kiti ili apitishe feni. Akaukunja ukingo wa zulia dogo lililotandikwa juu ya lile kubwa. Chini yake palikuwa na nailoni nzito, ya aina ile wanayotandika chini ya mahema. Ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha kiti, ukingo wake umebandikwa kwa ule utepe ambao Ardith hufungia vifurushi vya wajukuu, na pembe zake zimekunjwa kama pembe za shuka la hospitali. Hakuna mtu mwingine kambini aliyekunja pembe hivyo.

Alikaa chini, palepale, mgongo ukiegemea kiti.

Basi anajua. Amejua muda wote huo. Ardith alikuwa amesubiri yeye atoke, akapiga magoti, na umri ule, na magoti yale, akamtandikia nailoni kama anavyotandikiwa mtoto anayeanza kuachishwa nepi. Kisha akasimama, akapika chakula cha jioni, na kumuuliza kama anataka chumvi zaidi. Upole huo ulimuumiza kuliko ambavyo tusi lingemuumiza.

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake, mahali inapokaa siku zote. Hakuitoa. Mtu huidunga sakafu kutafuta jibu, naye jibu aliamini analo tayari. Aliipapasa nailoni hadi mikunjo yote ikalala kama alivyoikuta, akarudisha zulia, akarudisha kiti.

Jioni ile walikula nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu. Delmar alisubiri hadi sahani zikaribie kuisha.

"Mama," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita tangu watoto wazaliwe, "nafikiri huu uwe mwaka wetu wa mwisho. Tuiuze trela hapahapa, kabla ya kurudi."

Ardith aliinua kichwa. "Tuiuze twende wapi?"

"Renae anasema chumba cha chini kwake kiko wazi," Delmar alisema, akimtaja binti yao.

"Chumba cha chini kwa Renae kina dirisha moja, Del, nalo linatazama tairi za gari lake."

"Lakini bafu liko karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu tu."

Ardith aliweka uma chini. Delmar alimwona akitazama kona ya kiti, kisha akiyaondoa macho haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha wengine kwa bahati mbaya. Trela hii ilikuwa ndoto yake yeye Ardith. Ndiye aliyeichagua na kushona mapazia yake. Ndiye aliyejua majina ya ndege wote waliokuja kwenye miti ya balungi nyuma ya kambi. Kama angebisha, Delmar angebisha pia, na pengine katika ubishi neno lingewatoka mmoja wao. Hakubisha.

"Ngoja kahawa ya Jumapili ipite," alisema. "Halafu nitawaambia mimi. Nitasema nimechoka na barabara. Hutahitaji kueleza kitu."

"Si lazima useme uongo kwa ajili yangu."

"Si uongo. Mtu wa umri wangu huchoka." Akachukua sahani zote mbili, ingawa ya Delmar ilikuwa bado na chakula.

Upepo wa kaskazini uliingia Jumamosi na mvua yake, nayo ikanyesha bila kupumzika. Jumapili asubuhi Delmar aliikamua kona yake kwa taulo, akachoma mshumaa wenye harufu ya mdalasini, akaichukua cherehani ya Ardith na kuiweka juu ya kiti ili asitokee mtu wa kukikalia. Ardith alipomwambia cherehani ina mahali pake, alisema leo hapa ndipo pake.

Watu waliingia wakikung'uta makoti. Kahawa ya Jumapili huzunguka kambi nzima, trela hadi trela, na sharti lake ni moja: mwenye zamu afungue mbavu zote na mlango wake, na kila mtu apate pa kukaa. Lavonne alijibana kwenye kochi pamoja na wanawake wa kwaya. Orrin alibaki amesimama, kikombe mkononi, akitafuta.

"Hivi nyie, cherehani inapewa kiti cha mfalme na mimi nikalie ndoo?"

"Kaa kwenye benchi, Orrin," Delmar alisema.

"Benchi hilo na mimi hatupatani." Alikwisha kuinyanyua cherehani na kuiweka mezani.

"Orrin, nimekwambia kiti hicho kibovu."

"Kibovu vipi? Juzi si umelala humo ukikoroma, tumekuona dirishani!" Akajitupa kitini, akavuta mkono wa pembeni, na kiti kikalala nyuma na uzito wake wote.

Hapakuwa na mlio wa kuvunjika. Palikuwa na sauti laini, kama ya mtu anayekanyaga mkate uliolowa, na mguu wa nyuma wa kiti ukazama. Orrin akaenda nao, magoti yakielekea dari, kikombe bado amekishika wima. Watu walicheka, naye alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha kutoka chini ya zulia maji yakatambaa, ya rangi ya chai, pamoja na harufu ambayo mdalasini haukuweza kuifunika, na kicheko kikaisha.

Orrin alijiviringisha akatoka kitini, akapiga magoti, akaushika ukingo wa nailoni.

"Usiguse!" Delmar alisikia sauti yake ikipanda kama ya mtoto. "Toa mkono, Orrin. Toa mkono wako hapo. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mkojo wangu." Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia. Sasa kwa kuwa neno limeanza kutoka hakuweza kulizuia, nalo hilo pia aliliona jinsi lilivyofanana na ugonjwa wake. "Sikupasuliwa ngiri. Ni tezi. Walinitoa, na tangu wakati huo unanitoka. Kwenye kiti. Tangu Krismasi. Ardith amekuwa akinitandikia. Ni wangu wote huo."

Mvua ilisikika juu ya paa. Ardith alisimama jikoni, sinia la keki ya ndimu mikononi, na Delmar hakuthubutu kumtazama. Aliwatazama wanawake wa kwaya wakitazama viatu vyao. Alifikiri: nitatoka mlangoni sasa, nitatembea kwenye mvua hadi barabara kuu, na sitarudi.

Orrin alichovya vidole kwenye maji, akavileta puani. Alivinusa kwa makini, bila haraka, kama mtu anayenusa nyasi kujua kama zimekauka vya kutosha kufungwa.

"Delmar," alisema, "nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Mkojo naujua. Huu si mkojo."

"Orrin, usinifariji."

"Sikufariji, nakwambia. Hii ni mvua iliyooza mbao. Halafu angalia, bwana, ni ndoo nzima hii. Hata fahali wangu angeomba asaidiwe."

Hakuna aliyecheka, ila Lavonne, ambaye kicheko kilimponyoka puani. "Samahani, Del," alisema huku machozi yakimtoka. "Jamani, samahani, sikutaka."

"Lete bisibisi," Orrin alisema.

Delmar akampa. Orrin aliisimamisha juu ya sakafu karibu na mguu wa kiti na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikaingia hadi kwenye mpini, kimya. Akaichomoa, akaisogeza kuelekea ukutani, ikaingia tena. Kisha akavaa koti, akatoka, nao wakamsikia nje akibamiza ngazi ukutani. Alirudi maji yakimtiririka kwenye nyusi.

"Ulimi umejikunja ndani kona yote ya nyuma. Na huko juu kuna majani ya kutosha kupandia viazi. Maji yote yanakuja upande huu. Nani aliukagua mlipofika?"

"Hakuna," Delmar alisema.

"Mbona hukuniita mimi?"

Kila aliyekuwamo alilijua jibu. Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakimshukuru Ardith kwa keki ambayo hawakuila, wakimgusa Delmar begani walipopita. Alihesabu kila mguso kama deni.

Walipobaki wawili, Ardith aliketi kwenye kochi na sinia lake mapajani.

"Kiti kilikuwa kikavu," alisema.

"Nini?"

"Kitambaa cha kiti. Kila asubuhi ulipokuwa bafuni nilikuwa nakipapasa. Kikavu, siku zote. Zulia limelowa na kiti kikavu. Mtoto mdogo angeuliza inawezekanaje. Mimi sikuuliza. Nilishaamini."

"Na mimi niliamini."

"Wewe ulikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa na akili zangu. Nilikuona ni mtu wa kutandikiwa nailoni, Del, ndivyo nilivyokuona. Nikajiona mwema kwa kuwa sikusema."

Delmar alitaka kukasirika. Hasira ingekuwa nafuu, ingempa mahali pa kusimama. Lakini alikumbuka siku aliyoikuta nailoni ile na kuilaza upya ili Ardith asijue kwamba yeye anajua, akaona kwamba walikuwa wameshirikiana, kila mmoja akiulinda uso wa mwenzake, huku maji yakifanya kazi yake katikati yao.

"Niambie kweli," Ardith alisema. "Nailoni ndiyo imeiua?"

Delmar hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu sakafu.

"Mvua ingeilowesha vyovyote," alisema. "Bila nailoni ingekuwa inapata hewa, inakauka kidogo kati ya mvua na mvua. Pengine lingebaki doa, na kuvimba kidogo ukingoni. Nailoni iliyazuia maji chini yake. Ndiyo, mama. Iliiharakisha."

Ardith akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kilicho haki yake, na akamshukuru.

Siku zilizofuata Delmar hakutoka. Mabakuli ya chakula yalianza kufika mlangoni kana kwamba kuna msiba. Asubuhi moja, kwenye ngazi ya mlango, alikuta mfuko wa karatasi wenye pakiti ya pedi za wanaume, za aina nzuri kuliko zake. Pakiti ilikuwa imefunguliwa, moja imeshatolewa. Alisimama ameishika, akazitazama trela za jirani moja baada ya nyingine, mapazia yote yamefungwa. Hakujua ni nani mwenye shida kama yake, na aliona ni heshima kutojaribu kujua.

Mvua ilipokatika, Orrin alikuja na mbao.

"Kilichoniuma si mkojo, nisikilize vizuri," alisema kabla hata ya kusalimia. "Ni ngiri. Nilikuombea ngiri kanisani, Delmar, kwa jina, watu wote wamesimama. Umenifanya nimdanganye Mungu."

"Samahani, Orrin."

"Usiniombe mimi. Haya, daktari, mgonjwa wako huyu. Sema nifanye nini, magoti yangu ndiyo haya."

Hiyo ilikuwa aibu nyingine, kuelekeza ukarabati wa uzembe wake mwenyewe kwa mtu ambaye yeye humhubiria kila mwaka. Alielekeza hata hivyo. Waliitoa ile nailoni, wakakata zulia, wakazikwangua mbao zilizooza kwa mikono, zikija vipande vipande kama keki, hadi bisibisi ilipogonga na kurudi. Hapo hawakuacha, walikata hadi mbele kidogo ya pale palipokuwa pagumu, kwa kuwa uozo hutangulia mbele ya macho. Kisha Delmar akaamuru kazi isimame. Orrin alitaka kufunika siku ileile, na Delmar akakataa. Kuzifunika mbao zilizo na unyevu ni kuurudisha ugonjwa ndani na kufunga mlango. Feni ilipuliza siku kadhaa, nao Ardith na Delmar waliishi na shimo sebuleni, wakilizunguka kwenda kulala, wakiiona nyasi chini.

Shimo lilipokauka, walipaka vipande vipya vya plaiwudi rangi ya kuzuia maji pande zote, na hasa kwenye kingo, kwa sababu mbao hunywa kwa kingo. Wakavigandisha, wakavifunga kwa skrubu. Ukingo wa chini wa ubavu wakauvisha ukanda wa alumini ili maji yadondoke nje badala ya kutambaa ndani. Ulimi wa kona ukabadilishwa. Mwisho Delmar alipanda ngazi mwenyewe, Orrin ameishika kwa mikono miwili huku akimtukana, akayafagia majani yote.

Lilibaki jaribio la maji. Orrin alisema hilo ni la wenye nyumba, akaenda zake. Ardith alishika mpira wa bustani nje; Delmar akapiga magoti ndani, kwenye kona, kiganja kikiwa juu ya mbao mpya.

"Niwashe?" Ardith aliita nyuma ya ukuta.

"Washa! Anzia juu!"

Maji yalipiga ubavu kwa kishindo. Delmar alisogeza kiganja kando ya ukuta, kona, ukingo, mahali kiti kilipokuwa kikikaa.

"Vipi?"

"Kavu!"

"Una hakika?"

"Ongeza kwenye kona! Hapo hapo! Kaza!" Alisubiri. Alidunga kwa bisibisi. Ikagonga na kurudi. "Kavu, mama! Kavu kabisa!"

Alijishika dirishani ili ainuke, na katika kuinuka kule, jinsi ambavyo humtokea akijikaza, alihisi joto likimtoka na kupita pedi. Alitazama chini. Juu ya plaiwudi mpya, ambayo zulia lilikuwa bado halijatandikwa, palikuwa na matone machache yanayong'aa.

Uso ulimwaka ule moto aliouzoea. Mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye taulo iliyotundikwa kitini. Sekunde chache tu, na pasingekuwa na kitu cha kuonekana. Ardith asingejua.

Aliuacha mkono ukarudi chini. Alifungua dirisha. Mkewe alikuwa chini, viatu vimelowa, mpira mkononi, uso ameuinua.

"Kuna tone ndani," alisema.

Uso wa Ardith ulisawajika. "Wapi? Kona ipi?"

"Hapana. Ubavu ni mkavu. Hili ni langu. Limenitoka sasa hivi nilipoinuka."

Ardith alimtazama, na Delmar, ingawa alitamani sana kuinamisha kichwa, hakuinamisha.

"Lako kweli?" Ardith aliuliza.

"Langu kweli."

"Basi futa, usije ukateleza," Ardith alisema. Sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo. Ilikuwa ile sauti anayoitumia kwa mchungaji, kwa mkwe na kwa televisheni, na Delmar hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake majira yote ya baridi. "Na uniambie likitoka jingine. Nimechoka kubahatisha."

"Nitakwambia."

Akachukua taulo, akapiga magoti tena, akafuta. Aibu haikuwa imeondoka. Ilikuwa palepale kifuani, yenye ukubwa wake halisi sasa, ukubwa wa matone machache. Alirudi dirishani.

"Mama, kuhusu lile suala la kuiuza—"

Ardith akafungua maji kwa nguvu zote na kuyaelekeza ukutani, karibu kabisa na dirisha, hata asisikie neno.